Picha za kwenye mbao: kutoka mashamba ya mkonge hadi Tingatinga

Wadau, ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha kwa basi, ukishapita Mkata na Segera kule Handeni na kuingia Korogwe, usilale. Angalia pembeni ya barabara. Kinyozi kachorewa vichwa vitatu, kila kimoja na staili yake. Mama ntilie kachorewa sahani ya wali na paja la kuku. Fundi baiskeli naye ana baiskeli yake kwenye plaiwudi. Mimi huwa navitafuta vibao hivi kila nikipita njia hiyo, na naona vinapungua. Siku hizi mtu anaenda stesheneri, anaprintiwa bango la plastiki, kazi imeisha.

Wengi watasema hilo si jambo, kibao ni tangazo tu, sio sanaa. Sasa ngoja niwaeleze habari ya mtu mmoja aliyepita mkoa huu huu wa Tanga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini. Miaka ya 1950 alikuja Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Zao hilo lililetwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na Korogwe ni moja ya maeneo lililoshika mizizi. Vibarua walitoka mbali, wengi kusini, na wakaitwa manamba kwa sababu mtu alijulikana kwa namba aliyopewa. Jina lako halikuwa na kazi pale, namba ndiyo iliyokuwa na kazi. Hili likumbukeni, nitalirudia.

Baadaye Tingatinga akahamia Dar, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Mwaka 1968 ndipo akaanza kuchora picha za kuuza. Hakuwa amesoma chuo chochote cha sanaa. Alichukua hadibodi, ile mbao ya kushindiliwa inayopigwa kwenye dari, akaikata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60. Rangi yake ilikuwa ile ile ya mafuta ya kupakia baiskeli na milango. Yaani vifaa vile vile vya fundi wa vibao! Picha akaziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa shilingi chache, wanunuzi wengi wakiwa wageni.

Alichora wanyama, ndege na watu. Mnyama mmoja mkubwa alijaza ubao mzima, nyuma yake rangi moja au mbili tu. Akawafundisha ndugu na jamaa, wakiwemo January Linda, Adeusi, Ajaba, Tedo na Mpata. Mwaka 1972 polisi wa Dar walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Akafa. Hesabuni wenyewe: alichora miaka minne tu. Wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 kukawa na ushirika unaobeba jina lake. Mwaka 2010 BBC ikaonyesha katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo huo.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Kata hadibodi au plaiwudi, ipige msasa, futa vumbi lote.
2. Paka rangi ya chini, iache ikauke kabisa. Rangi ya mafuta haina haraka, ukiigusa mbichi umeiharibu.
3. Chora umbo la mnyama, lijaze kwa rangi moja. Subiri tena.
4. Malizia na madoa, mistari na macho kwa brashi nyembamba. Hapa ndipo mkono wa mtu unapoonekana.
5. Osha brashi kwa tina, na fanyia kazi mahali penye hewa, maana harufu yake si ya mchezo.

Siku hizi wachoraji wengi wametoka kwenye ubao wakaingia kwenye kitambaa, kwa sababu mtalii anataka kitu cha kukunja na kuweka kwenye begi. Ubao ni mzito, tena ukilowa unavimba.

Haya, turudi kwenye majina. Tingatinga alitoka kwenye mashamba ambako mtu ni namba, lakini picha zake alizisaini kwa jina lake. Ndiyo maana leo tunamjua. Kweli, jina hilo limeigizwa sana na picha feki zake ni nyingi, lakini feki inakuwepo pale tu penye jina lenye thamani. Fundi wa vibao vya Korogwe na Handeni kwa kawaida hasaini. Anaandika jina la saluni, jina la hoteli, kila jina isipokuwa lake. Kibao kikipauka, na yeye kapotea.

Vijana mnaochora, sheria ipo upande wenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiumba. Mtindo hauna mwenyewe, kila mtu anaweza kuchora kitingatinga, lakini kunakili picha ya mwenzio na kuiuza ni kosa. Ila siku ya kudai haki yako utaulizwa ushahidi. Kwa hiyo saini mbele, andika nyuma jina, mwaka na mji, kisha piga picha kabla hujauza.

Na ninyi wasafiri, basi likisimama Korogwe mkila, msiishie kwenye chipsi. Pigeni picha kibao, muulizeni mwenye duka nani kakichora, muandike hilo jina. Mwenye duka bado anamkumbuka. Mwakani bango la plastiki litakuwa limeshapigwa juu yake.