Kutoka kwa kadi hadi kwa Yennefer

Wasee, kabla mseme mapenzi kwenye gemu ni ya kuwapa mashabiki macho tu, turudi nyuma kidogo.

1992, Japani. Dragon Quest V inakuuliza utaoa nani: Bianca, rafiki wa utotoni, ama Flora, binti wa tajiri? Picha za kuchochea hakuna. Lakini huyo mke anapigana kando yako, anakuzalia mapacha, hata nywele za watoto zinafuata rangi ya mama. Na shujaa wa unabii ni mwanao. Wewe ni baba tu!

Sasa ruka hadi 2007. The Witcher ya kwanza, kutoka Poland, ilikupa kadi yenye picha ya mwanamke kila Geralt akilala na mmoja. Kadi, manze, kama stika za wachezaji wa mpira. Nilizikusanya, sikatai. Leo jina siwezi kukumbuka.

Studio ileile ikatoa The Witcher 3 mwaka wa 2015. Hiyo pia ina watu uchi, kwa hivyo shida haikuwa nguo. Yennefer anataka kuvunja uchawi wa jini uliowafunga pamoja, ajue kama penzi litabaki. Uchawi unavunjika, anakugeukia, na unaruhusiwa kumwambia huhisi kitu tena. Hapo niliweka padi chini nikafikiria mtu fulani.

Na ukijaribu kumchezea yeye na Triss pamoja? Wanakufunga kitandani, wanaenda zao.