Siwa: Tarehe ya Pembe za Enzi

Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mfalme wa mji alimwendea kwa mashua, akiwa amekaa chini ya mwavuli pamoja na wapiga pembe wake. Mwandishi wa safari ile alizitaja pembe mbili za ndovu zenye nakshi, urefu wake kama kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Watu wa pwani huziita siwa.

Siwa haikuwa ala ya ngoma tu. Pamoja na ngoma kuu, mwavuli na kiti cha enzi, ndiyo iliyotambulisha dola. Mji wenye siwa ulikuwa mji kamili. Ilivuzwa mtawala alipotawazwa, na ilivuzwa katika arusi na jando za waungwana wenye haki nayo. Wageni na watumwa waliisikia, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuitaka. Kwa hiyo nguvu ya siwa ilikuwa katika idhini: nani apewe, nani anyimwe.

Hapo ndipo panapoanza kisa cha Pate. Tarehe ya mji ule inasimulia kwamba Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alitaka siwa kwa ajili ya jando la mwanawe, akanyimwa. Hakuiomba tena. Alimwita fundi, akamwamuru amtengenezee ya kwake, ya pembe za ndovu. Siwa hiyo, ambayo hukadiriwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 17, ina urefu unaopita mita mbili.

Lamu nao walikuwa na yao, ya shaba. Fundi aliliunda umbo kwa nta, akalifunika udongo, akalipasha moto mpaka nta ikatoka, kisha akaimimina shaba mahali pa nta. Kosa dogo lingeharibu kazi yote, kwani kalibu ya namna hiyo hutumika mara moja tu.

Unguja, siwa na ngoma zilikuwa za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa. Muhammad bin Ahmed, aliyekuwa na cheo hicho, alijenga jumba lake Dunga kati ya 1846 na 1856, wakati mashamba ya karafuu na hazina ya forodha vimekwisha kuwa mikononi mwa Masultani wa Busaidi. Alifariki 1865. Mwanawe Ahmed alipofariki 1873, cheo hakikupata mrithi. Ngoma na siwa zilibaki, na baadaye zikahifadhiwa katika makumbusho mjini.

Kaskazini mambo yalikuwa hayohayo. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu iliyowashinda Pate na Mombasa iliomba himaya ya Seyyid Said wa ukoo wa Busaidi, na enzi ikahamia kwenye bendera yake nyekundu. Bendera hiyo ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hata baada ya Waingereza kuikodi pwani mwaka 1895, ikateremshwa Desemba 1963. Bendera huonekana kutoka baharini na haihitaji pumzi ya mtu. Siwa ilihitaji mpigaji aliyefundishwa na mji unaojua maana ya mlio wake.

Leo siwa ya Pate na ile ya Lamu ni mali ya makumbusho ya Lamu. Ukisimama mbele ya siwa ya Pate, kumbuka ni ipi iliyotufikia. Siwa ya jumba la mfalme, ile aliyonyimwa Mwana Darini, haipo. Husimuliwa kwamba ilizama baharini. Inayoitwa leo siwa ya Pate, na ambayo tunawaonyesha watoto wetu kuwa alama ya dola ile, ndiyo aliyoiagiza mama mmoja ili mwanawe asitoke jandoni kimya.