Jinsi sindano hutambua uvimbe wa nadra mapafuni

KIVULI kinachoonekana mapafuni kwenye picha ya eksirei si jina la ugonjwa. Kwa mkazi wa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, kikohozi kisichokoma aghalabu hudhaniwa kuwa kifua kikuu, maradhi ambayo yangali mengi nchini Kenya. Dhana hiyo ina mashiko, lakini makohozi yakipimwa na viini vyake visipatikane, sharti chanzo kingine kitafutwe, ikiwemo saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine.

Karibu damu yote ya mwili hupitia mapafuni kuchukua oksijeni, hivyo seli za saratani zilizobanduka kwingineko hunaswa humo kwa wepesi. Nyingi hutoka matitini, kwenye utumbo mpana au figo. Miongoni mwa zilizo nadra ni za saratani ya mifupa, ambayo huwapata zaidi vijana, hasa karibu na goti.

Ili kuutambua uvimbe huo, daktari huiongoza sindano kwa skani ya CT, au kwa ultrasaundi iwapo uvimbe umegusa ukuta wa kifua. Mgonjwa hutiwa ganzi mahali pa kudungwa, kifua hakipasuliwi. Sindano nyembamba hufyonza seli, ilhali iliyo nene hukata kipande kidogo cha nyama. Kipande hicho hufaa zaidi kwa uvimbe wa nadra, kwani mtaalamu wa patholojia huona mpangilio wa seli na kuzipaka rangi maalumu zinazofichua chimbuko lake.

Hewa yaweza kuvuja na kulisinyaza pafu, au damu ikatoka. Kwa hiyo mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hana budi kusema mapema.

Hata hivyo, si kila uvimbe hudungwa. Saratani ya kondo la nyuma, inayozuka baada ya mimba, huvuja damu nyingi. Hutambuliwa kwa kupima homoni ya hCG katika damu, na mara nyingi hupona kwa dawa hata ikishafika mapafuni.

Anayepewa rufaa kutoka Naivasha hadi Nakuru, takriban kilomita 70, yafaa abebe ripoti za upasuaji wowote wa awali, hata wa miaka mingi. Huenda humo ndimo lilimo jina la ugonjwa.