Viti Viwili vya Nyuma

Kila Pasaka lazima mtu anisimamishe kituo cha mafuta aniulize kama gari langu ndilo lile lililoshinda Safari Rally. Namwambia hapana. Lililoshinda ni Datsun 240Z. Hili ni 260Z, tena lile la viti vinne. Uso unamshuka kidogo. "Aah, kumbe ni ile ndefu," anasema, halafu anaenda zake.

Nimezoea. Lakini nikwambie ukweli, watu wameisahau hiyo historia wanayoniuliza.

240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969. Kwao iliitwa Fairlady Z. Ilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda 6 kwa mstari mmoja, na viti viwili tu. Marekani iliuzwa dola 3,526, bei rahisi kwa gari la spoti lenye nguvu hiyo. Na kitu rahisi, wajua, watu hukitilia shaka.

Shaka hiyo iliondolewa huku kwetu. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda Safari pamoja na Hans Schüller wakiwa na saluni, Datsun 1600 SSS. Mwaka wa 1971 walirudi na 240Z, wakashinda tena. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwa 240Z. Hizo hazikuwa mbio za uwanjani. Barabara zilikuwa za umma, hazifungwi, na dereva alipambana na vumbi, tope, mito iliyofurika na ng'ombe wa watu.

Kisha ikaja 1973. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia nchini humo. Alimaliza Safari na 240Z akiwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Uswidi. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Källström alikuwa anaendesha nini? Datsun 1800 SSS. Saluni! Gari la kupeleka watoto shule lilitoshana na gari la spoti kwa maelfu ya kilomita.

Hapo ndipo ninapowashangaa wanaolicheka langu. 260Z ilipofika 1974, na injini ya lita 2.6, Datsun walitengeneza pia toleo lililorefushwa kama sentimita 30 ili watoto wapate pa kukaa. Wapenzi wa magari wakasema paa limeharibu umbo. Mpaka leo bei yake iko chini ya ndugu yake wa viti viwili.

Mzee wetu alilinunua mtumba 1981. Mimi na dadangu tulikaa nyuma, magoti karibu yaguse kidevu, tukiteremka Mai Mahiu huku Mzee akirudisha gia ya tatu ili tusikie injini ikinguruma. Mama alikuwa akimwambia, "Baba nanii, una watoto humu." Naye alikuwa akijibu, "Ndiyo maana nikanunua hili."

Mwaka jana dalali alikuja nyumbani. Hakutaka gari. Alitaka injini na gia boksi, za kutengenezea 240Z ya tajiri mmoja ng'ambo. "Bosi, hiyo bodi peleka skrapu, haina soko." Pesa aliyotaja ingelipa karo ya watoto wangu wawili muhula mzima, na muhula huo nilikuwa na deni. Nililala na hilo wazo siku tatu. Hivyo ndivyo haya ya viti vinne yanavyoisha: hayafi kwa kutu peke yake, yanachinjwa ili yale maarufu yaishi.

240Z iliyoshinda 1971 iko Japani. Nissan waliitengeneza upya, wanaitunza vizuri, na haki yao. Sisi tulibaki na barabara, na magari machache ambayo hakuna anayeyapiga picha.

Deni nililipa polepole. Dalali aliporudi mwezi uliopita, alinikuta nikipasha injini moto saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alianza kuongeza bei. Nikamfungulia mlango aangalie ndani. Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa: watoto wawili, mabegi mawili ya shule, na mmoja alikuwa ameanza kulalamika kwamba wanachelewa.