Ghala na Mwenye Ufunguo: India katika Historia ya Chakula Duniani

Methali isemayo "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" aghalabu huelekezwa kwa mpokeaji. Ni nadra kuulizwa nduguye mwenyewe alikipata vipi alicho nacho, na yampasa kukitoa hadi kiasi gani. Historia ya India tangu miaka ya 1960 yaangaza maswali hayo mawili, kwa kuwa nchi hiyo imepata kukaa pande zote mbili za methali.

Mvua zilipopungua mno mwaka 1965, na tena mwaka 1966, India ilitegemea ngano ya Marekani iliyouzwa kwa masharti nafuu chini ya sheria ya mwaka 1954. Mwaka 1966 pekee iliingiza zaidi ya tani milioni 10 za nafaka. Rais Lyndon Johnson aliitoa ngano hiyo kidogo kidogo, akiishurutisha Delhi irekebishe kilimo chake. Kadhalika, aliudhiwa na lawama za India juu ya vita vya Vietnam. Meli zilifika, lakini ufunguo wa ghala ulikuwa Washington.

Katika kueleza mageuzi yaliyofuata, waandishi wengi husifu mbegu. Ni kweli kwamba mwaka 1966 Waziri wa Kilimo, C. Subramaniam, alisimamia ununuzi wa tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico, tunda la kazi ya Norman Borlaug, ambayo M. S. Swaminathan aliitetea nchini. Hata hivyo, mwaka uliotangulia serikali ilikwisha kuunda tume ya kupendekeza bei za mazao, pamoja na Shirika la Chakula la India la kununua na kuhifadhi nafaka. Mkulima wa Punjab aliithubutu mbegu ngeni akijua kwamba mnunuzi yupo. Mavuno ya ngano, yaliyokuwa yapata tani milioni 12 mwaka 1965, yalifikia milioni 20 mwaka 1970. Gharama nayo haikukosekana: maji ya ardhini ya Punjab huvutwa kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha.

Hatimaye mwombaji akawa muuzaji. Kufikia miaka ya 2020 India ilikuwa ikiuza takriban asilimia 40 ya mchele wote wa biashara ya kimataifa. Lakini kila ilipohofia bei za nyumbani ilifunga mlango: kwa mchele usio basmati mwaka 2007 na 2008, kwa ngano mwezi Mei 2022, kwa chenga, zitegemewazo sana Senegal, mwezi Septemba 2022, na kwa mchele mweupe usio basmati kuanzia Julai 2023 hadi Septemba 2024.

Wapo waionao hatua hiyo kuwa choyo. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba sheria ya mwaka 2013 yaiwajibisha serikali ya India kuwapatia nafaka takriban theluthi mbili ya wananchi wake. Ghala lililojengwa kwa kumbukumbu ya mwaka 1966 litawalisha wenyeji kwanza.

Unguja ya karne ya 19 iligeuza mashamba ya mpunga kuwa ya mikarafuu, ikala mchele wa ng'ambo, wa India ukiwamo. Kwa nchi za Afrika ambazo zingali zikinunua mchele huo, sehemu ya historia ya India istahiliyo kuchunguzwa kwanza ni mpango wa mwaka 1965, yaani bei na ghala, uliowapa wakulima sababu ya kuipokea mbegu.