Kanda za RTD na jasho la wapiga gitaa

Ukishuka kilima kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo, kwenye barabara kuu ya Zambia, kila duka lina FM yake. Vijana hudhani redio ya muziki ilizaliwa na FM. Sivyo.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na kwa karibu miaka 30 Tanzania Bara haikuwa na nyingine. Bendi iliyotaka kusikika huku Nyanda za Juu ilipitia studio yake. Western Jazz, NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, wote walirekodi pale, na kanda zikabaki makabatini mwa serikali. Mpiga gitaa wa NUTA alikula mshahara wa chama cha wafanyakazi (ndiyo, wafanyakazi walikuwa na bendi!), si wa wimbo wake kupigwa redioni.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango. Radio One ikaingia 1994, kisha zikafuata za mikoani, Ebony FM ya hapa Iringa ikiwamo. Mimi ni wa kizazi hicho, na nikipiga zilipendwa najua ninakula jasho la nani.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda haki ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka alifariki 1979. Mameneja wenzangu, hesabu hiyo inafika mwisho 2029. Warithi wamelipwa?