Isiolo, Mji wa Mlangoni

Msomaji kijana, ukitoka Nairobi ukashika njia ya kaskazini, ukaupita Mlima Kenya na mashamba ya ngano ya Timau, utateremka katika nchi ya namna nyingine. Baridi hukuacha, ardhi huwa kavu na tambarare, migunga hutawala pande zote. Na baada ya mwendo wa kilomita 285 hivi, waingia Isiolo. Mji huu si mkubwa. Lakini sokoni mwake utasikia Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu kabla hujamaliza kununua ndizi, na wasemaji wa lugha hizo zote hukutana katika Kiswahili.

Katika mji huo mna mtaa uitwao Kiwanjani, yaani mahali palipo kando ya kiwanja cha ndege. Mitaa mingine yaitwa Bulla Pesa, Wabera, Kulamawe, Kambi Garba, Kambi Odha, Kambi Juu. Usiyapite majina haya kama mtu apitaye vibao vya maduka. Mji wenye mitaa mingi iitwayo kambi wadokeza kuwa watu wake walifika kwa makundi, wakakaa mahali walipokaa, wakangoja. Na jina la Wabera ni jina la mtu aliyeuawa wakati ambapo swali moja lilikuwa kali kuliko yote: Je, watu wa kaskazini ni raia sawa na wengine? Insha hii yataka kukuonyesha swali hilo lilizaliwaje, na kwa nini jibu lake lilichelewa.

Waingereza waliitawala kaskazini ya Kenya kwa sheria za peke yake. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali iliipa serikali uwezo wa kuifunga nchi, asiingie mtu wala asitoke bila ya kibali. Na kwa sheria hiyo Jimbo la Mpaka wa Kaskazini lilifungwa mwaka 1926. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa maofisa nguvu ya kuamua kabila gani lichunge wapi, na hata kuliadhibu kabila zima kwa kosa la watu wachache. Isiolo ukawa makao makuu ya jimbo hilo lililofungwa, ukawa na mlango wake pia. Mtu alisimamishwa hapo aonyeshe kibali, na ng'ombe wake walizuiliwa katika karantini kwa hofu ya sotoka na homa ya mapafu, ili maradhi yasifike katika mashamba ya walowezi.

Fikiri maana ya jambo hili. Maradhi ya ng'ombe yalikuwa ya kweli, na kuyazuia si dhuluma. Dhuluma ilikuwa katika mgawanyo wake: faida ya ulinzi ilikwenda kusini, na gharama yake ililipwa kaskazini. Ng'ombe aliyefungiwa njia hushuka bei, na mfugaji asiyepata bei nzuri hana fedha, wala serikali ya siku zile haikumjengea shule na hospitali za kutosha. Hivyo umaskini ambao wageni waliuita wa jangwa ulitokana kwa sehemu kubwa na kizuizi kilichowekwa na binadamu. Ndiyo sababu ya ule usemi wa watu wa kaskazini, kuwa mtu akisafiri kwenda Nairobi wao husema amekwenda Kenya, kana kwamba anavuka mpaka wa nchi.

Sasa tusikilize sauti za watu wenyewe. Miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Isiolo walikuwako Wasomali wa Isaaq, askari waliokuwa wamelitumikia jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wakapewa mahali pa kukaa na kuchunga. Kenya ya wakati ule ilikuwa kama ngazi. Mzungu alikaa juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Na kila kipandio kilikuwa na kodi yake, wodi yake ya hospitali na sheria zake. Wasomali wa Isaaq walikuwa wakihesabiwa kuwa si wenyeji kwa mambo kadha wa kadha. Katikati ya miaka ya 1930, serikali ilipotengeneza kodi mpya iliyowaweka chini ya Wahindi, walilalamika. Jambo la ajabu ni kwamba kodi waliyopangiwa ilikuwa ndogo kuliko ya Wahindi, nao waliikataa kwa sababu ya udogo wake! Walitaka kulipa zaidi, mradi wahesabiwe katika kipandio cha juu. Wakaandika maombi hata Uingereza.

Wewe usiwacheke. Walijua vizuri kuwa katika nchi ile heshima ya mtu, safari yake na biashara yake vilitegemea kipandio alichosimama. Lakini angalia pia walichoomba na ambacho hawakuomba. Waliomba wapandishwe, hawakuomba ngazi ivunjwe. Mturkana aliyefanya kibarua, na Mborana aliyechunga kando ya mto Uaso Nyiro, wangebaki walipo hata kama maombi yale yangekubaliwa. Liweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Ulimwengu, kwa upande wake, ulilisikia jina la Isiolo kwa njia nyingine. Huko aliishi George Adamson, ofisa wa wanyama wa mwitu, pamoja na mkewe Joy, waliomlea simba jike Elsa tangu mwaka 1956. Kitabu cha Joy Adamson kilitoka mwaka 1960, na watu wa nchi za mbali wakamlilia Elsa ambao hawakupata kusikia habari za mtu hata mmoja wa jimbo lile lililofungwa.

Uhuru ulipokaribia, sauti zilipanda. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali Bogert wa Kanada, wawaulize watu wa jimbo lile wanataka nini. Wengi, hasa Wasomali, walisema wanataka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Wengine walisema wanataka kubaki Kenya. Sauti zilisikiwa, lakini mapenzi ya walio wengi hayakufuatwa. Mwaka 1963 nchi iligawanywa katika majimbo ya utawala, na wilaya ya Isiolo ikatiwa katika Jimbo la Mashariki.

Mwaka huohuo Isiolo ulikuwa na Mkuu wa Wilaya Mwafrika wa kwanza, Daudi Dabasso Wabera. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini aliyeamini kuwa watu wake wangepata heri ndani ya Kenya. Tarehe 28 Juni 1963, akiwa safarini pamoja na Chifu Haji Galma Dido, walipigwa risasi wakafa wote wawili. Mtaa wa Wabera mjini Isiolo na barabara ya Wabera mjini Nairobi vyakumbusha jina lake, ijapokuwa wengi wapitao hapo hawajui alikuwa nani.

Kisha vikaja vita viitwavyo vya Shifta. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya Uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika kaskazini. Wapiganaji waliotaka kujiunga na Somalia walishambulia vituo na misafara. Majeshi nayo yaliwaadhibu raia na wapiganaji bila kubagua sana. Mnamo 1966 na 1967 wafugaji walikusanywa katika vijiji vya lazima, kama vile Garba Tulla na Merti katika wilaya ya Isiolo. Ngamia hawezi kulishwa ndani ya ua, wala mbuzi mia hawawezi kuishi penye malisho ya mbuzi kumi. Mifugo ilikufa, mingine ikauawa. Na watu walioingia vijijini wakiwa na mali walitoka mikono mitupu. Mapatano yalifanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967 kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia. Lakini mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria iliyowakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa yaliyotendeka siku zile, na hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Familia nyingi zilizopoteza mifugo zilihamia pembeni mwa mji, zikaanza maisha ya kuchoma makaa, kuuza maziwa na kufanya vibarua.

Huenda ukauliza: Je, serikali ya watu huru haikuwaona? Jibu limo katika hati ya mwaka 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi wa Kenya. Hati hiyo ilisema kuwa fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi njema, mvua, njia na umeme. Kwa mfanyabiashara, hayo ni maneno ya busara. Lakini mahali penye njia na umeme ni pale ambapo mkoloni aliviweka. Na pasipokuwa navyo ni pale alipopafunga. Basi hati ile, pasipo kutaja kabila lolote, iliendeleza mpaka wa zamani kwa hesabu mpya. Kwa miaka mingi lami ya kwendea kaskazini ilikoma Isiolo, na lori lililokwenda Moyale, kilomita 500 hivi mbele, lilisafiri kwa siku kadhaa katika vumbi na mawe. Lami hiyo ilikamilika katika miaka ya 2010.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Katiba ya mwaka 2010. Isiolo ukawa makao ya kaunti, yenye gavana na bunge lake tangu mwaka 2013. Kifungu cha 204 kiliunda Mfuko wa Usawazishaji, unaotengewa nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili kupeleka maji, njia, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika kaskazini, na watu wakasimama hadharani kusema waliyoyanyamazia miaka arubaini na zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 268,002 katika kaunti nzima, na sauti zao kwa mara ya kwanza zilikuwa na mahali pa kupelekwa karibu na nyumbani.

Na sasa turudi Kiwanjani. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango mkubwa wa njia, reli na bomba la mafuta, kutoka Lamu hadi Ethiopia na Sudan Kusini, na Isiolo umewekwa katika njia panda ya mpango huo. Uwanja wa ndege ulipanuliwa, ukafunguliwa rasmi mwaka 2017. Uwanja huo wakaa mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru, na mpaka wenyewe wabishaniwa. Ili kuupisha, familia ziliondolewa makwao zikaahidiwa viwanja mahali pengine. Na katika ugawaji huo yalizuka malalamiko, mathalan ya kiwanja kimoja kupewa watu wawili. Waona jinsi neno moja lilivyobeba mambo mawili: kiwanja cha ndege, ambacho taifa lajivunia, na kiwanja cha nyumba, ambacho mama mwenye watoto akitafuta ahadi yake hakioni. Zamani watu wa Isiolo walilalamika kuwa maendeleo hayawafikii. Leo wako waulizao kama maendeleo yamewafikia wao au yamewapita juu ya vichwa vyao.

Hapo ndipo lile jambo la ngazi linaporudi. Thamani ya ardhi ikipanda, kila jamii huanza kuhesabu nani alitangulia kufika, nani mwenyeji na nani mgeni. Mwaka 2011 na 2012 mapigano ya jamii yalizuka Isiolo, watu wakafa, nyumba zikachomwa, na wengi wakakimbia. Waliokimbia walikuwa maskini wa kila lugha. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Na katika mapigano yale hapakuwa na jamii moja iliyopata maji zaidi, wala shule, wala hati ya kiwanja.

Msomaji, historia haikupi majibu ya baraza la kesho, bali hukufundisha kulichagua swali. Mtu asimamaye barazani na kuuliza, "Kwa nini jamii yangu haikupewa?" ana haki ya kuuliza hivyo, lakini akijibiwa, jibu lamfaa yeye tu, na jirani yake hugeuka kuwa adui. Mwingine husimama akauliza, "Ni sheria gani iliyotumika kugawa, na je, imetumika kwa wote?" Huyo husema kwa niaba ya Mborana, Mturkana, Msomali, Mmeru na Msamburu kwa pamoja, hata kama hawakumtuma. Swali la namna hiyo ndilo lililozaa Kifungu cha 204. Na mwaka 2025, serikali ilipotangaza kuondoa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa mipakani waombapo kitambulisho, faida ya tangazo hilo haikuwa ya kabila moja.

Basi ukifika Isiolo, tembea hadi Kiwanjani, utazame ndege ikipaa juu ya mapaa ya mabati. Mlango wa zamani haupo tena, wala hakuna askari wa kukuuliza kibali. Lakini usidhani kuwa mlango hufunguliwa mara moja ukabaki wazi daima. Hufunguliwa na kila kizazi, kwa kuzijua sheria, kuzisoma hesabu za serikali na kutokubali haki ya mmoja inunuliwe kwa haki ya mwingine. Kazi hiyo sasa yawangoja ninyi.